Kamomili Jikoni na kwa Afya ya Nyumbani: Mazungumzo kwa Wakazi wa Sachangwan

Mada ya afya, lishe na kilimo kwa wakazi wa Sachangwan na maeneo jirani ya Molo, Mau Summit na Salgaa



Jioni ya Sachangwan haihitaji kuelezwa. Jua likishuka nyuma ya vilima vya Mau, baridi inaingia, ukungu unafunika barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, na katika kila nyumba sufuria ya chai iko motoni. Mtu hunywa kikombe kimoja akirudi shambani, cha pili baada ya chakula, na pengine cha tatu akisikiliza habari. Kisha analala saa nne na kukodoa macho hadi saa nane.

Miaka ya karibuni kumeingia madukani, hata katika miji ya Nakuru na Molo, pakiti za chai ya maua inayoitwa kamomili. Majirani wanaambiana kwamba inaleta usingizi. Wengine wanasema inaondoa gesi tumboni, inateremsha sukari, inaponya vidonda, na inamtuliza mtoto anayelia usiku. Baadhi ya maneno hayo yana msingi. Mengine ni nusu ya ukweli, na machache yanaweza kumletea mtu madhara. Mazungumzo haya yanaeleza kamomili ni nini, jinsi ya kuitumia jikoni, faida yake ni ipi na mpaka wake uko wapi, nani asiinywe, na mkulima wa huku juu afikirie nini kabla ya kuipanda.

Kamomili ni mmea gani

Kamomili ni mmea mfupi wa jamii ya alizeti. Inayotumika sana kwa chai inaitwa kamomili ya Kijerumani, na jina lake la kisayansi ni Matricaria chamomilla. Huota, hutoa maua na kufa ndani ya msimu mmoja. Urefu wake ni kati ya kiganja kimoja na goti la mtu mzima. Majani yake ni membamba kama nyuzi, yanafanana na majani ya karoti yaliyochanwa zaidi. Ua lake ni dogo, lina petali nyeupe pembeni na kitovu cha manjano katikati. Likisuguliwa kati ya vidole hutoa harufu tamu inayokumbusha tofaa. Hata jina lenyewe limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya tofaa la ardhini, na Wahispania huliita manzanilla, yaani tofaa dogo. Waarabu huliita babunaj.

Mmea huu asili yake si Kenya. Umetumika tangu zamani katika nchi za Ulaya, Asia ya Magharibi na Misri, na hadi leo Misri ni miongoni mwa nchi zinazouza kamomili kwa wingi duniani. Hivyo pakiti iliyo dukani huenda imesafiri mbali kabla ya kufika Molo. Hata hivyo kamomili hupenda hali ya ubaridi na jua la wastani, na nyanda za juu za Kenya zina hali hiyo. Mji wa Molo uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari.

Kamomili na pareto: tofauti ambayo kila nyumba iijue

Hapa ndipo wakazi wa sehemu hii wanahitaji uangalifu kuliko watu wa Nairobi au Mombasa. Wazee wa Molo, Sachangwan na Mau wanaijua pareto vizuri. Zao hilo liliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, likaenea katika nyanda hizi, na kwa miongo mingi Kenya iliongoza duniani kwa kuzalisha pareto. Kiwanda chake kiko mjini Nakuru. Watoto wengi wa huku walilipiwa karo kwa maua yaliyochumwa na mama zao na kukaushwa juani.

Pareto nayo ni ya jamii ya alizeti. Nayo ina petali nyeupe na kitovu cha manjano. Lakini pareto hulimwa kwa sababu ndani ya ua lake mna kemikali ya kuua wadudu. Si kinywaji na haifai kutiwa kwenye kikombe. Mtu aliyeona picha ya kamomili kwenye simu, kisha akapita kando ya shamba la pareto, anaweza kudhani amepata chai ya bure.

Tofauti zake ni hizi. Ua la pareto ni kubwa zaidi na limesimama juu ya kikonyo kirefu kisicho na majani mengi. Ua la kamomili ni dogo, upana wake ni kama sarafu. Majani ya pareto yana rangi ya kijani kilichochanganyika na kijivu, na vipande vyake ni vipana. Majani ya kamomili ni kijani kibichi na membamba kama nyuzi. Kitovu cha ua la pareto ni bapa na kimejaa. Kitovu cha kamomili kikikomaa huinuka kama kichuguu kidogo, petali zake huinama kuelekea chini, na likipasuliwa katikati kwa wembe kitovu kinaonekana kina uwazi ndani. Tena kuna harufu: kamomili inanukia tofaa, na pareto ina harufu kali.

Pamoja na ishara hizo, sheria ya nyumbani iwe moja. Ua lililookotwa kando ya njia, kwenye ua wa jirani au kwenye shamba la zamani lisitiwe kwenye chai, hata kama linafanana na kamomili. Yapo pia magugu kadhaa yenye maua madogo meupe ambayo si kamomili. Anayetaka kamomili anunue iliyofungwa na kuandikwa vizuri, au aipande mwenyewe kutoka kwa mbegu anayoijua.

Namna ya kuandaa chai yake

Wakenya wamezoea kuchemsha chai. Maji, maziwa, majani na sukari huingia pamoja katika sufuria na kutokota hadi rangi ikolee. Kamomili haipikwi hivyo. Uzuri wake uko katika mafuta mepesi yaliyomo ndani ya ua, na mafuta hayo huondoka na mvuke. Ikichemshwa muda mrefu, harufu inaishia kwenye dari na kikombe kinabaki na uchungu.

Kwa kikombe kimoja cha kawaida huhitajika vijiko viwili vidogo vya maua makavu, au pakiti moja ya dukani. Maji yachemshwe kwanza, yamwagwe juu ya maua, kisha chombo kifunikwe kwa kifuniko au kisahani kwa dakika tano hadi kumi. Baada ya hapo yachujwe kwa chujio la kawaida. Rangi yake huwa ya dhahabu hafifu. Ikiwa nyeusi au chungu sana, maua yalizidi au yalikaa muda mrefu mno. Kwa sababu hiyo si vizuri kuyaacha maua ndani ya chupa ya chai kutwa nzima. Yachujwe kwanza, ndipo chai iwekwe kwenye chupa.

Asiyependa kuinywa tupu anaweza kuongeza kijiko cha asali, kipande cha limau au tangawizi kidogo. Wanaopenda maziwa wachemshe maziwa vizuri, wayaondoe motoni, watie maua, wafunike kwa dakika kumi na wachuje. Maziwa lazima yachemke kwanza, kwani maziwa mabichi yanaweza kubeba maradhi kama brusela, na kuloweka maua ndani yake hakuui vijidudu.

Matumizi mengine jikoni

Kamomili si ya kikombe peke yake. Mpishi aliyeionja huiona kama kiungo chepesi cha harufu, kama vile iliki inavyotumika, ila yenyewe ni laini zaidi.

Katika mandazi, maziwa au maji ya kukandia unga yanaweza kulowekwa kamomili kwanza. Kwa nusu lita ya maziwa ya moto vijiko vitatu vikubwa vya maua makavu vinatosha. Yafunikwe robo saa, yachujwe, yaachwe yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha unga ukandwe kama kawaida. Harufu hutulia ndani ya andazi bila kufunika ladha nyingine. Maziwa hayo hayo yanafaa kwa keki na kwa wali wa maziwa.

Katika uji, maji ya kamomili yaliyochujwa yanaweza kutumika badala ya sehemu ya maji ya kupikia. Uji wa wimbi una ladha nzito, kwa hiyo harufu itapotea. Uji wa mahindi meupe au wa mchele huipokea vizuri.

Kwa matunda, huku juu kuna plamu na peasi, na msimu ukifika nyingi huanguka na kuoza chini ya miti. Njia moja ya kuziokoa ni kuzipika kwenye sharubati. Kikombe kimoja cha maji na kikombe kimoja cha sukari huchemshwa hadi sukari iyeyuke. Sufuria huondolewa motoni, vijiko viwili vikubwa vya kamomili hutiwa, hufunikwa dakika kumi na kuchujwa. Peasi zilizomenywa na kukatwa hurudishwa ndani ya sharubati hiyo na kupikwa kwa moto mdogo hadi zilainike. Watoto huzila kwa kijiko, na zinazobaki huliwa na mkate asubuhi. Mwenye kisukari aache sharubati hii na anywe kamomili bila sukari.

Faida kwa afya: ni ipi na ina mpaka gani

Faida ya kwanza ni rahisi na haina ubishi. Kamomili haina kafeini. Chai ya majani, iwe ya maziwa au ya rangi, pamoja na kahawa, ina kafeini, na kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi. Mtu anayekunywa vikombe viwili vya chai ya rangi saa tatu usiku kisha akalalamika kwamba hapati usingizi ana sababu iliyo wazi. Akibadilisha kikombe hicho cha usiku kwa kamomili, huenda akalala vizuri zaidi kwa sababu tu ameacha kafeini, mbali na chochote ambacho ua lenyewe linafanya.

Kuhusu ua lenyewe, wanasayansi wamepata ndani yake kemikali iitwayo apijenini inayodhaniwa kutuliza. Utafiti wa University of Pennsylvania nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, uliwapa watu 57 wenye maradhi ya wasiwasi vidonge vya kamomili au vidonge vitupu kwa wiki nane. Waliopewa kamomili walipata nafuu kiasi kuliko wenzao. Watafiti wa chuo hicho waliendelea, na mwaka 2016 wakachapisha utafiti mwingine wa muda mrefu zaidi. Huo ulionyesha dalili kupungua, lakini haukuthibitisha kwamba kamomili inazuia maradhi yasirudi. Ni vizuri kukumbuka kwamba hao walipewa vidonge vilivyopimwa kipimo, si kikombe cha chai. Kwa usingizi, tafiti zilizopo ni ndogo. Baadhi ya watu husema wanalala vizuri zaidi, lakini hakuna ushahidi kwamba kamomili inatibu ukosefu wa usingizi wa muda mrefu.

Kwa tumbo, kamomili imetumika vizazi vingi kwa gesi na msokoto mwepesi baada ya chakula. Kikombe cha moto baada ya mlo mzito wa maharagwe na mahindi kinaweza kumpa mtu nafuu. Lakini tumbo linalouma siku nyingi, kutapika damu, choo cheusi, kuhara kwa mtoto au kupungua uzito bila sababu ni mambo ya hospitali.

Jambo la nne ni damu. Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharagwe. Kamomili pia huzuia, ila kwa kiwango kidogo kuliko chai ya majani. Kwa wajawazito, wasichana wanaopata hedhi na watoto, ambao upungufu wa damu huwapata kwa urahisi, kinywaji chochote cha namna hii kinywewe angalau saa moja mbali na mlo. Chakula kiteremshwe kwa maji au tunda.

Wale wasiofaa kuitumia, au waulize kwanza

Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe kamomili. Mtoto huyo anahitaji maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila chai na bila dawa za miti, isipokuwa zilizoagizwa na mhudumu wa afya. Kila kijiko cha chai kinachukua nafasi ya maziwa katika tumbo dogo. Maua makavu pia yanaweza kuwa na vumbi lenye vijidudu ambavyo mtu mzima huvimudu na mtoto mchanga hawezi. Asali isipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata kama ni ya kupoza chai. Bibi au shangazi anayetaka kumsaidia mama ambaye mtoto wake analia usiku amsaidie kumbeba ili mama apumzike. Mtoto akilia bila kunyamaza, akiwa na joto, akikataa kunyonya au kutapika, apelekwe kituo cha afya.

Mtu mwenye mzio wa pareto ajihadhari sana. Wapo wakazi waliofanya kazi ya kuchuma na kukausha pareto na ngozi yao ikawa inawasha, macho yakavimba au kifua kikabana. Kwa kuwa mimea hii ni ya ukoo mmoja, mwili unaoikataa pareto unaweza kuikataa kamomili pia. Mtu akinywa na kuona midomo ikivimba, ngozi ikitoka vipele au pumzi ikiwa nzito, aache mara moja na afikishwe hospitali bila kuchelewa.

Anayetumia dawa ya kupunguza kuganda kwa damu, kama warfarin, asinywe kamomili bila kumwambia daktari. Mwaka 2006 madaktari nchini Kanada waliandika habari za mama wa miaka 70 aliyekuwa akitumia dawa hiyo. Alikunywa chai ya kamomili kwa wingi na kujipaka losheni yake, akavuja damu ndani ya mwili na kulazwa. Anayesubiri upasuaji naye amweleze daktari mapema kila kitu anachokunywa. Vivyo hivyo kwa wanaotumia dawa za usingizi au za kutuliza akili, kwa sababu usingizi unaweza kuzidi. Mwenye kisukari au shinikizo la damu asiache dawa zake kwa sababu ya chai yoyote.

Mama mjamzito aulize kwanza kliniki. Usalama wa kamomili katika ujauzito haujathibitishwa vya kutosha, hasa ikinywewa kwa wingi au ikitumiwa kama mafuta na vidonge.

Dereva naye asisahauliwe. Mteremko kati ya Sachangwan na Salgaa umechukua maisha mengi. Chai ya kulalia ni ya mtu aliyefika nyumbani au aliyeegesha gari kwa usiku, si ya mtu aliyebakiza safari.

Macho yasioshwe kwa chai ya kamomili, ingawa wengine hushauri hivyo. Inaweza kuyachochea yawe mekundu zaidi. Kujifukiza pia kuna hatari yake. Watoto wengi huunguzwa na sufuria ya maji ya moto inayopinduka chini ya blanketi.

Moto, kuungua na jeraha lisiloonekana

Sachangwan haiwezi kuzungumza juu ya kuungua bila kukumbuka tarehe 31 Januari 2009. Siku hiyo lori la mafuta lililopinduka kando ya barabara lililipuka wakati watu wengi wakiwa wamekusanyika kuchota mafuta. Zaidi ya watu 100 walifariki na wengine wengi walibaki na makovu. Wapo wakazi waliowapoteza ndugu, na wapo waliosaidia kubeba majeruhi.

Kuna mambo mawili yanayohusu mada hii. La kwanza ni kwamba kamomili isipakwe kwenye jeraha la moto, iwe ni maji yake, mafuta au maua yaliyopondwa. Dawa ya meno, siagi, yai na unga pia havifai. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Nguo na pete zilizo karibu zivuliwe kabla ya uvimbe, ila nguo iliyonata kwenye ngozi isivutwe. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi na mgonjwa apelekwe hospitali. Anayeungua uso, mikono au sehemu za siri, na mtoto yeyote aliyeungua, asikae nyumbani.

La pili ni usingizi unaopotea kwa sababu ya yale mtu aliyoyaona. Mtu aliyenusurika ajali, aliyefiwa ghafla au aliyehamishwa kwao kwa ghasia anaweza kuamka usiku akitoka jasho, akaogopa harufu ya petroli au sauti ya breki za lori, au akajitenga na watu kwa miaka. Hilo si udhaifu wala si laana. Kikombe cha kamomili kinaweza kumtuliza jioni moja, na hasa kikinywewa na mwenzake aliyekaa kumsikiliza. Lakini hakitibu jeraha la namna hiyo. Usingizi ukikosekana zaidi ya wiki tatu, au mtu akianza kusema kwamba hataki kuishi, familia imfikishe kituo cha afya au hospitali ya Molo aonane na mhudumu wa afya ya akili, na asiachwe peke yake. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaozunguka vijijini wanaweza kuonyesha njia.

Anayetaka kuipanda nyumbani

Kwa bustani ya jikoni, kitalu cha hatua mbili kwa mbili kinatosha familia. Mbegu ya kamomili ni ndogo kama vumbi. Hainyweshwi ndani ya udongo, kwa sababu huhitaji mwanga ili iote. Udongo ulainishwe na kusawazishwa, mbegu ichanganywe na mchanga mkavu ili isambae sawasawa, inyunyizwe juu na kushindiliwa kidogo kwa ubao. Maji yamwagwe kwa chombo chenye matundu madogo, la sivyo mbegu zote zitasombwa hadi kona moja. Huota ndani ya wiki moja au mbili. Miche ikisongamana ipunguzwe ibaki nafasi ya shibiri moja. Haihitaji mbolea nyingi. Ikishibishwa sana hutoa majani badala ya maua.

Maua huanza baada ya wiki nane hadi kumi. Huchumwa umande ukishakauka, petali zikiwa zimenyooka, kabla hazijaanguka. Baada ya siku chache maua mapya huchanua na kuchumwa tena.

Kazi ngumu huku ni kukausha. Ukungu na mvua hufanya maua yapate kuvu, na maua yenye kuvu hayafai tena hata yakianikwa upya. Yatandazwe kwa safu moja nyembamba juu ya wavu au kitambaa safi, kivulini, mahali penye upepo, yageuzwe kila siku. Yasianikwe kando ya lami ambapo moshi wa malori na vumbi vinatua, wala juu ya jiko la kuni ambapo yatanuka moshi. Yakikauka vizuri husagika kati ya vidole. Kilo tano za maua mabichi hutoa takriban kilo moja ya makavu. Yahifadhiwe kwenye chupa kavu yenye kifuniko, mbali na mwanga, na yatumike ndani ya mwaka. Mkebe uliowahi kuwekwa dawa ya mimea au mafuta ya taa usitumike, hata ukioshwa mara kumi.

Kuna onyo kwa jirani. Mbegu zake zikianguka, kamomili huota yenyewe msimu unaofuata na inaweza kuingia katika shamba la ngano au la njegere kama gugu. Afadhali maua yachumwe yote. Na anayepanda pareto asiipande kando ya kamomili, wala asikaushe zote mbili kwenye chanja moja. Magunia yake pia yatengwe.

Anayefikiria kuuza

Mkulima akisikia bei ya pakiti moja dukani huanza kupiga hesabu ya ekari nzima. Hapo pareto ni mwalimu mzuri. Wakulima wa nyanda hizi waliipenda, na wengi wakaing'oa miaka ambayo malipo yalichelewa na soko likayumba. Ua lililokauka bila mnunuzi halilipi karo.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza shamba, mkulima ajue nani atanunua, kwa kipimo gani, akitaka ukavu wa kiwango gani, na malipo yatatoka lini. Hayo yaandikwe. Kuchuma kwa mkono ni kazi ya watu wengi, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu. Anayetaka kufunga na kuuza kama chakula anahitaji alama ya ubora ya KEBS na kibali cha afya ya umma, na lebo isidai kwamba chai yake inaponya maradhi. Ushauri wa kilimo unapatikana kwa maafisa wa kilimo wa wadi, kwenye kituo cha utafiti cha KALRO Njoro na Egerton University, ambayo ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo hapo Njoro.

Mambo ya kubeba nyumbani

Kamomili ni kinywaji kizuri cha jioni kwa mtu mzima mwenye afya. Kikombe kimoja au viwili kwa siku vinatosha. Iloweke na kuifunika badala ya kuichemsha. Isitoke porini wala kwenye shamba la pareto. Isipewe mtoto mchanga, isipakwe kwenye jeraha la moto, na isichukue nafasi ya dawa iliyoandikwa na daktari. Mwenye mzio, mjamzito, na anayetumia dawa za damu, za usingizi au za akili aulize kwanza.

Na jioni ambayo mtu hana kamomili, bado anaweza kujisaidia kulala: aache chai ya majani mapema, azime simu, aoge maji ya moto, na azungumze na walio nyumbani kabla ya kuzima taa. Mengi ya hayo hayagharimu chochote.

Wenye maswali waende kituo cha afya kilicho karibu au kwa mhamasishaji wa afya wa kijiji chao.